Skrubu Tano na Siri za Wagonjwa

Tiki. Tiki. Kitu kidogo cha chuma kiligonga sahani. Nesi aliacha kufua, akachungulia sebuleni.

"Shemeji! Unaichinja kompyuta ya kazini?"

Mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta, alidondosha skrubu ya tano. "Naipima tu. Si ulijigamba haifunguki bila neno lako la siri?"

"Tena refu! Hata kaka yako halijui."

Fundi alichomoa diski, nyembamba kama biskuti, akaiunganisha na kompyuta yake. Hakuulizwa neno lolote la siri. Aligeuza uso. "Mimi sisomi. Soma wewe."

Majina ya wagonjwa yalijipanga kwenye kioo, na maradhi yao. La kwanza lilikuwa la Mama Vitambaa, mshonaji wa mtaani. Ugonjwa wake hata wanawe hawakuujua. Kumbe Nesi aliizungusha siri hiyo begani kila siku, akitembelea wagonjwa nyumba hadi nyumba, ikiwa wazi!

"Neno lako la siri ni mlinzi wa getini," fundi alisema. "Mwizi akiruka ukuta, mlinzi ana kazi gani? Diski yenyewe isimbwe. Yaani maandishi yote yavurugwe, yasisomeke bila ufunguo wake."

"Itanichelewesha?"

"Mchana mmoja. Kunywa chai."

Kesho yake mkuu wa zahanati aliafiki, na fundi akaisimba diski. Kompyuta ilitoa ufunguo wa akiba: tarakimu nyingi za kuifungulia diski neno la siri likikwama. Nesi alizinakili, akaitia karatasi kwenye mkoba wa kompyuta ileile.

Fundi alishika kichwa. "Jamani, shemeji! Umefunga nyumba, ufunguo umeutundika mlangoni!"

"Kwetu zahanati kadi haiachani na mgonjwa," Nesi alijitetea.

"Hii si kadi!"

Wakacheka. Karatasi ikaingia kwenye sefu ya mkuu.

"Na ukimaliza kazi, izime kabisa," fundi aliongeza. "Ukiifunika tu, inasinzia jicho moja wazi, na diski inabaki imefunguliwa."

Miezi miwili baadaye mkoba ulikwapuliwa kituo cha basi, kompyuta ikiwa ndani. Habari zilienea upesi. Mama Vitambaa alifika zahanati mbio, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Nesi, mwanangu, wameshanisoma?"

Nesi alivuta kumbukumbu. Aliizima? Ndiyo, aliizima, akangoja kioo kiwe cheusi.

"Hapana, mama. Niliizima, na ufunguo uko kwenye sefu. Wana kompyuta, siri yako hawana."

"Na kama wangeiiba mwaka jana?"

Angeweza kudanganya. Aliinamisha macho. "Wangesoma yote."

Mama Vitambaa aliizungusha tepu kidoleni. "Basi niambie neno la kuniwezesha kulala."

Nesi alimshika mkono.

"Siri yako sitaibeba tena ikiwa wazi, mama. Hata siku moja. Nakuahidi."