Simu ya Waqas

Shagufta, rafiki yangu, hapendi kuisimulia hii. Naisimulia mimi kwa sababu nimechoka. Mtaani kwetu hapa Karachi kila mtu hutembea na simu mbili: ya kutumia, na mbovu ya kuwapa vibaka. Polisi? Ukienda kuripoti wanakuuliza, "Kwani ulitoka na simu ya nini?"

Mbovu ya Shagufta ilikuwa ya mdogo wake, Waqas, aliyepigwa risasi mwaka juzi kwenye kona ya duka la mikate. Muuaji hakupatikana. Simu yenyewe haikuwa hata na betri.

Siku moja magharibi, umeme umekatika, Shagufta alikwenda kununua mikate. Pale pale kwenye kona, pikipiki ikasimama ubavuni kwake.

"Toa simu!"

"Chukua, ikufae mpaka kaburini!" alimjibu kwa hasira, akampa ile mbovu.

Pikipiki ikaondoka, halafu ikazimika ghafla gizani. Akasikia viatu vikirudi, taratibu.

Kibaka alimnyooshea ile simu.

"Dada, mwambie anyamaze."

"Nani?"

"Huyu humu ndani. Ananiita kwa jina langu."