Kitundu Kwenye Mkebe wa Fedha

Waliponiita kwenda kuufunga moyo wa Bibi Maria Kordula, nilikuwa nakatakata kabichi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwezi wa kwanza, na Vienna ilikuwa imeshaingia giza. Nikanawa mikono, nikabeba jiko langu dogo la makaa, chuma cha kulehemu na vipande viwili vya bati, nikashuka ngazi nikiimba. Jirani akatoa kichwa dirishani.

"Apollonia, unakwenda harusini?"

"Mazishini."

"Ya nani hayo yanayokufurahisha hivyo?"

Sikumwambia. Angejua mwenyewe kengele zikilia.

Ukoo wa kifalme wa Habsburg haukuzikwa kama sisi. Mwili ulikwenda kwa watawa Wakapuchini, matumbo yakawekwa kwenye mkebe wa shaba chini ya kanisa kuu, na moyo kwenye mkebe wa fedha katika kanisa la watawa Waagostino, nyuma ya mlango wa chuma. Mtu mmoja, makaburi matatu. Mikebe hiyo ilifungwa na mume wangu, na baba yake kabla yake. Mume wangu alipouawa vitani kazi ikawa yangu, maana hapakuwa na mwingine aliyefundishwa habari ya kitundu.

Kitundu ni hivi. Unapozungusha lehemu kwenye kifuniko, unaacha sindano imesimama mahali pamoja. Ukifika mwisho unaichomoa. Hapo unaweka chuma chini na kusali Baba Yetu mara tatu, polepole. Kama kuna kitu cha marehemu kimebaki kwenye moyo, kinapata pa kutokea. Kisha unadondosha tone la mwisho na kuziba. Watu wa ikulu walijua na hawakusema. Mapadre walijifanya hawajui.

Bibi Maria Kordula alikuwa shangazi wa Kaizari, na kazi yake ilikuwa kuozesha. Nchi ambazo majenerali walishindwa kuziteka, yeye alizipata kwa shela la bi harusi. Mpwa mmoja Lisbon, mwingine Parma, mwingine Dresden, mwingine Napoli. Akitaka jambo aligonga fimbo yake sakafuni, ko, ko, ko, na mtoto wa miaka kumi na nne akapakiwa kwenye gari la farasi. Mikataba yake ya ndoa ilipogongana, watu kama mume wangu walikwenda kufa kwa ajili ya urithi wa nchi wasiyojua iko upande gani. Hilo labda ningelimezea.

La Zenzi sikulimezea.

Zenzi alikuwa mdogo wangu. Alichaguliwa kumnyonyesha mtoto wa ikulu, kitoto ambacho wazazi wake walikuwa binamu, na bibi na babu zake binamu, wote wameozeshwa na mkono ule ule. Alizaliwa na taya la ukoo wao, limetokeza mbele, mdomo haufungi. Hakuweza kunyonya. Zenzi alimkamulia kwenye kijiko, tone kwa tone, usiku na mchana, huku akimpigapiga mgongoni. Siku ya tisini mtoto akafa. Kwa uchungu Zenzi akasema mbele ya wajakazi, "Msiozeshane tena ndugu kwa ndugu. Mnawaua watoto kabla hawajazaliwa."

Maneno yakafika. Kesho yake Bibi aliapa kwamba alimwona Zenzi akiyanong'onea maziwa. Daktari wa ikulu, Ferrant, akatia sahihi kwamba maziwa yale yalikuwa na uchawi. Wakamtupa kizuizini, wakambana kifua kwa kitambaa kibichi ili asitoe hata tone. Maziwa yakamchachia humo humo. Homa ilimuua siku ya kumi na moja, na wakamfukia kwenye shimo la chokaa bila msalaba wala kengele. Mama yetu alikufa amenishika mkono. "Loni, mtafutie mwenzio pa kulala." Nikaapa.

Miaka kumi na tisa nilisubiri yule kikongwe afe.

Bruda Kajetan, mtunza funguo wa kanisa, alikuwa mlangoni anapiga miguu chini kwa baridi. Mtu mnene, mcheshi.

"Umechelewa, mama. Marehemu hapendi kusubiri. Hata katika uhai wake hakupenda."

"Leo ana muda," nikasema.

Daktari Ferrant alikuwa ndani ameshika bakuli. Alikuwa amezeeka, mikono inatetemeka. Alinitazama usoni na hakunitambua. Moyo ulikuwa umefungwa hariri nyeusi, unanuka pombe kali. Nikauweka kwenye mkebe, nikafunika.

"Fanya upesi, mama, miguu inaganda," akasema. Kisha akashusha sauti. "Na kile kitundu... hutakisahau, sivyo?"

"Sijawahi kusahau, daktari."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akatoka na Bruda kwenda kuota moto.

Nikabaki na mikebe. Ilipangwa kwenye rafu mbili, mikubwa ya wafalme, midogo ya watoto. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wameanza sala ya jioni. Nililehemu taratibu, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipofika mwisho nikachomoa sindano.

Hewa ikatoka kwenye kitundu. Ya vuguvugu... kama pumzi ya mtu aliyelala.

Sikusali.

Nikainua chuma, bati linang'aa nchani. Hapo hapo nikasikia harufu nyuma yangu.

Maziwa yaliyochacha.

Sikusikia hatua. Makaa yalififia kwenye jiko langu, yakawaka tena. Kitu baridi kikanipita shingoni, karibu kabisa na sikio.

"Loni..."

Hakuna aliyebaki duniani wa kuniita hivyo. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nisimwone, na niliogopa zaidi nikigeuka nimwone. Harufu ikapanda begani, ikateremka mkononi, ikafika kwenye vidole vyangu vilivyoushika mkebe. Kisha ikakatika ghafla.

Nikadhani Zenzi amekuja kushuhudia, ameridhika, amekwenda zake.

Nikadondosha tone. Pss. Kitundu kikaziba.

"Kaa humo," nikamwambia Bibi.

Nje, Bruda Kajetan akaniuliza, "Sala zote tatu?"

"Zote tatu, Bruda."

Jioni ile nilikula kabichi bakuli mbili, na kwa mara ya kwanza tangu Zenzi afe nililala bila kuota.

Wiki ya sita Bruda akaja karakanani kwangu mchana. Hakuwa na utani. Alikaa kwenye kigoda, akakataa hata bia.

"Mama Apollonia, ukifunga mikebe... kuna kitu kinaweza kubaki ndani?"

"Kitu gani?"

Akagonga meza yangu kwa kidole. Ko, ko, ko. "Kila sala ya jioni. Tulidhani panya. Halafu mpishi wa ikulu akaniambia barua zimekuja. Lisbon, Parma, Dresden, Napoli. Kila nyumba alikoozesha mtu, saa hiyo hiyo, wanasikia fimbo chini ya meza. Wamebandua sakafu. Hakuna kitu."

Nikajiinamia kwenye kazi asinione uso. Nilikuwa nacheka. Bibi anaita Ulaya nzima, damu yake imekaa kwenye kila kiti cha enzi, na hakuna hata mmoja anayejua mahali pa kumfungulia. Raha niliyoisikia siwezi kuificha.

"Na ile sauti ya pili," Bruda akasema.

"Ipi ya pili?"

"Kama mtu anampigapiga mtoto alale. Pa... pa... pa. Na harufu, mama. Mkebe unanuka maziwa yaliyochacha, mpaka Bruda mmoja ametapika."

Nyundo ikanitoka mkononi.

Sasa nilielewa ile harufu ilikatikia wapi. Ilikatikia kwenye kitundu. Zenzi aliingia mle ndani, na mimi, dada yake, niliyeapa kumtafutia pa kulala, nilimfungia kwenye mkebe mmoja na aliyemuua.

Nilimwambia Bruda lehemu imepata ufa, lazima niikague. Jioni ile ile akanifungulia mlango wa chuma. Mwenyewe hakuingia.

"Nitakuwa hapa nje," akanong'ona. "Usikawie."

Nilikuwa na msumari wa kutobolea, mwembamba, mpya. Safari nzima nilikuwa nimepigana na nafsi yangu. Nikimtoa Zenzi, Bibi naye atatoka. Atakwenda alikokwenda kila aliyesaliwa, na miaka kumi na tisa ya kusubiri itakuwa bure. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na bado namchukia. Lakini mkono wa mama ulikuwa bado uko mkononi mwangu.

Sala ikaanza upande wa pili.

Ko... ko... ko.

Kutoka ndani ya mkebe. Karibu na tumbo langu. Hafifu, kama anayegonga amechoka.

Pa. Pa. Pa.

Nikaweka ncha ya msumari juu ya lile tone. Nikasogeza sikio.

"Zenzi. Ni mimi. Nakutoa."

Kupigapiga kukanyamaza.

"Usifungue, dada."

Sauti yake ile ile, ya msichana wa miaka ishirini na mbili. Nikaanza kulia.

"Nilimwapia mama, Zenzi. Nilimwapia utapata pa kulala."

"Mwambie mama nina kazi."

"Kazi gani humo?"

Harufu ikapanda kwenye fedha mpaka macho yakaniwasha.

"Kikongwe ana njaa," akasema taratibu. "Namnyonyesha."

Ko, ko, ko, ko, ko. Haraka haraka. Kisha pa, pa, pa juu yake, mpaka kugonga kukazama.

"Hataki," Zenzi akasema. "Anafunga mdomo. Lakini taya lile unalijua, dada. Halifungi."

Msumari ulikuwa bado juu ya bati. Huyu ndiye aliyekuwa akikesha na kijiko, tone kwa tone, ili kitoto cha watu kisife. Nilitaka kumwambia inatosha. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Na Mungu anisamehe, kitu kingine ndani yangu kilitaka kuuliza, anameza?

"Zenzi, njoo nyumbani."

"Yule daktari, bado mzima?"

Nikatazama mlango wa chuma.

"Loni. Bado mzima?"

"Bado," nikasema.

"Basi nisubiri."

Nikatoka nje. Bruda akauliza kama nimeziba ule ufa, nikamwambia hapakuwa na ufa. Naapa sikutoboa. Msumari uligusa tu. Lakini nilipofika nyumbani na kuusafisha, nilikuta ncha imevunjika, sehemu ndogo kama punje ya mtama, na pale ilipovunjika palikuwa na utando mweupe. Nikaunusa. Nikautupa msumari motoni.

Baada ya Pasaka Bruda Kajetan aliniambia kwa furaha kwamba kugonga kumekoma. Lisbon kimya, Napoli kimya. Akanywa bia zangu mbili akanisifu mbele ya watu.

Siku ya pili yake, saa sita mchana, jua zuri barabarani, mlango wa karakana ukafunguliwa. Daktari Ferrant aliingia peke yake akiegemea fimbo. Alikuwa amekuja kuagiza jeneza lake la bati, kama wafanyavyo wenye uwezo wakiona siku zimekwisha. Nikampima kwa kamba, mabega, urefu. Alisimama kwa utulivu kama anapimwa koti.

"Nimekuwa mtu wa haki, mama," akasema, ingawa sikumuuliza. "Lakini mtu huandika mengi katika maisha yake. Utaniachia kile kitundu?"

"Nitakuachia, daktari."

"Na sala zote tatu?"

"Polepole, zote tatu. Anayetaka kupita apate muda wa kupita."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru. Machozi yalimlengalenga. Alipofika mlangoni akasimama, akageuza kichwa, akavuta hewa puani. Mara moja, mara mbili.

"Samahani, mama," akasema. "Umemwaga maziwa humu ndani?"

Tangu Zenzi afe sijaweka maziwa nyumbani kwangu, hata ya kupikia. Nikamwambia ndiyo, yamemwagika, nitayafuta.