Sauti ya Papa Édouard

Soko kuu la Kisangani lilikuwa limefurika. Toleka, zile baiskeli zinazobeba watu na mizigo, zilipenya kati ya meza za sabuni na beseni za mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, na nyuma ya mojawapo ilikuwa imefungwa kompyuta kuukuu kwa mipira ya tairi. Kahambu aliifuata kwa mwendo wa haraka, liputa yake, kitenge cha kijani alichojifunga, ameishika mkononi isiguse tope. Baiskeli ilipoingia shimoni, mipira ikalegea. Kijana mrefu aliyekuwa ndiyo kwanza anunue kwanga, mkate wa muhogo, akaidaka kompyuta kifuani, na kwanga ikaangukia tope.

"Mama, hii kitu iko nzito," alisema.

"Pole, papa. Nitakununulia kwanga ingine."

"Acha kwanga. Unaipeleka wapi?"

"Kwa mutu wa kutengeneza. Inawaka, inazima, inawaka, inazima."

"Mutu wa kutengeneza njo mimi."

"Kila mwanaume wa Kisangani anasema vile akiona mwanamuke na machini."

Akacheka, na kola yake nyeupe ilikuwa tayari imechafuka. Aliitwa Merdi. Alifundisha kompyuta katika shule moja ya Kabondo, na kwao ni Isangi, watu wa mto. Kahambu alisimamia duka la vitambaa la baba yake, Papa Édouard, aliyekuja kutoka Butembo akiwa kijana na kufariki mvua zilipoanza. Katika kompyuta ile mzee alikuwa amejirekodi jioni nyingi: safari ya lori la maharagwe, nyimbo za Kinande, maonyo kwa wajukuu ambao hawajazaliwa. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote.

Merdi akaanza kufika nyumbani kwao kila alipotoka shuleni. Mama Euphrasie, mjane, alimwekea sahani ya pondu, yaani kisamvu, bila kumuuliza kama ana njaa.

"Tutaweka Linux," Merdi alisema, bisibisi mdomoni. "Iko ya bure, na haichokeshe machini ya zamani. Itakuwa serveur ya nyumba. Sauti za papa zitakaa mule, kila mutu atasikiliza kwa telefone yake, bila kununua mega za internet."

"Na écran, kioo yake?"

"Haina haja. Itakaa kwenye kona, kimya, inatumika."

"Kama wewe ukikula pondu ya mama."

"Chérie, pondu ya mama haiongeleshwe."

Ile chérie, yaani mpenzi, ilimtoka bila kupanga. Kahambu alijifanya hakuisikia, lakini kesho yake alivaa hereni.

"Na courant ikikatika?" aliuliza.

"Nitaipanga ijiwashe yenyewe courant ikirudi. Hata mutu asiiguse."

"Hapa kwetu? Itajiwasha mpaka ichoke."

Jumamosi moja, Kahambu akiwa dukani, Merdi alipigiwa simu: mama yake ni mgonjwa Isangi, na mtumbwi wa mota ulikuwa karibu kuondoka. Akamalizia kazi haraka, akamwonyesha Mama Euphrasie picha ndogo ya marehemu kwenye simu ya huyo mama, akamwambia, "Mama, utafinya hapa," akakimbilia bandarini.

Kahambu aliporudi alikuta kioo cheusi chenye maandishi meupe. Zile picha zilizozoeleka hazikuwepo tena. Mashine ilimuuliza jina. Akaandika jina la baba yake. Ikakataa.

Akampigia Merdi.

"Sauti za papa ziko wapi?"

"Ziko mule. Écran njo haionyeshi kitu." Mota ilikuwa ikinguruma nyuma yake.

"Ulifuta?"

"Nilifuta disque, ndiyo, Linux inaingia vile. Alors, ngojea nikueleze..."

Kahambu akakata. Akaandika: Usirudi kwetu tena. Akaituma. Muda huohuo umeme ukakatika mtaa mzima.

"Mama, umesema Merdi alikuonyesha pa kufinya. Njo wapi?"

Mama Euphrasie akafinya picha ya mumewe. Kimya.

Umeme ulikawia kurudi. Kahambu aliifunika mashine kwa kitambaa cheusi cha matanga na kupita mbali na ile kona. Alipojaribu kumpigia Merdi ili amtukane vizuri, simu yake haikupatikana. Kule mtoni hakuna mtandao. Mama Euphrasie aliendelea kuifinya ile picha kila siku, baada ya rozari.

Kisha alasiri moja mtaa ukalipuka kwa kelele za watoto: courant imerudi. Chini ya kitambaa cheusi, taa ndogo ya kijani ikawaka. Hakuna aliyeigusa. Punde, Mama Euphrasie akafinya.

"Euphrasie, zima redio kwanza, niko naongea na wajukuu."

Mama Euphrasie alinyoosha mkono kuelekea redio, akasita, akauweka mdomoni. Sauti ikaendelea, ikakohoa, ikacheka.

"Na ule ataoa Kahambu, mumwambie: hasira yake iko kama mvua ya Kisangani. Inapiga bati sawa inataka kubomoa nyumba. Asikimbie. Akae kwenye baraza, itaisha."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kahambu alikuwa amekaa sakafuni, analia.

Tangu siku hiyo, kila alipofunga duka, Kahambu alipitia bandarini kungoja mitumbwi ya Isangi. Hatimaye Merdi akashuka kutoka mmoja wao, amekonda, kikapu cha samaki wa kukaushwa begani.

"Mama yako?" Kahambu aliuliza kabla ya salamu.

"Anatembea sasa. Message yako niliipata leo, tulipokaribia muji."

"Na umekuja tu?"

"Nimekuja tu."

"Juu ya nini haukuniambia ulichukua kopi?"

"Ulikata telefone, mon cœur. Nilichukua kopi mbele ya kufuta, nikazirudisha, nikasikiliza kila moja nione kama iko nzima."

"Kila moja?"

"Hata ile ya mvua."

Kahambu akainamisha uso. Tabasamu lilimponyoka hata hivyo.

"Nisamehe, Merdi."

"Sikukimbia, nilikuwa kwenye baraza. Donc, familia yangu ikuje kwenu siku gani?"

Kahambu aliutazama mto kidogo, kisha akamtua kile kikapu, akakiweka kichwani mwake mwenyewe, akatangulia kupanda kuelekea barabarani.

"Papa amekwisha kuongea," alisema bila kugeuka. "Umebakia na mama. Bahati yako, anapenda samaki."