Ukinuia, Umecheza

Farasi mweusi alinyanyuka mwenyewe, akaruka juu ya askari wawili, akatua. Hakuna mkono uliomgusa. Kissa Mwakalinga na mpinzani wake walikuwa wameweka mikono mapajani kama watu walio msibani, na ukumbi wa sataranji wa Mbeya ulikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia kete zikisuguana na ubao.

Kazi yote ilifanywa na kofia ya nia, utando mwembamba wa kuvaliwa kichwani, unaosoma wazo kabla halijafika mkononi na kuuagiza ubao usogeze kete. Mwanzoni ililetwa kuwanasa wadanganyifu waliokuwa wakinong'onezwa na mashine, na hakuna aliyelalamika. Kisha, mchujo wa kuwania ubingwa wa dunia ukiwa katikati, na Kissa akiongoza, Shirikisho likatoa kanuni mpya: wazo la kwanza lililo wazi ndilo hatua. Zamani ukigusa kete, umecheza. Sasa ukinuia, umecheza.

Kanuni ile ilimuumiza yeye kuliko wote. Marehemu baba yake, Mzee Andulile, alimfundisha kutafuta kwanza hatua mbaya kupita zote, aione, aiweke kando, ndipo acheze. "Niambie utakavyoharibu," angesema, huku akifuta miwani yake. Alikuwa amekufa siku nyingi, lakini kila Kissa alipokaa mbele ya ubao sauti ile ilimjia, ikitanguliwa na kikohozi kidogo. Kwa hiyo farasi yule aliyenyanyuka mwenyewe alikuwa wake, hatua mbaya aliyotaka kuiona tu, na alikuwa anakwenda kufa. Kissa alipoteza mchezo huo, na uliofuata pia.

Alikwenda kukata rufaa kwa katibu wa Shirikisho, Bwana Shekilindi. Alimweleza kwamba kanuni hubadilishwa msimu ukiisha, si watu wakiwa njiani, na kwamba kuliona kosa si kulitenda. Katibu alimsikiliza kwa upole uliomtia baridi. Kissa alipomuuliza ni nani hasa aliyependekeza kanuni hiyo, katibu aliutazama ubao uliokuwa juu ya meza yake, kete zimesimama tayari.

"Mkono unaweza kudanganya, Bi Kissa," alisema. "Ubao unataka kukujua wewe mwenyewe."

"Unataka?"

Katibu akasimama, akamfungulia mlango. Rufaa ikatupwa.

Ulibaki mchezo mmoja na nafasi moja ya fainali, na nafasi hiyo Kissa alikuwa ameitamani tangu utotoni. Basi akajifunza kunyamaza ndani kwa ndani. Kila kikohozi kilipoanza, alikikatiza. Alifanya zoezi hilo jikoni, bafuni, hata kanisani wakati wa sala, mpaka siku moja kikohozi hakikuanza kabisa. Aliogopa, kisha akafurahi. Siku ya mchezo kete zake zilikwenda bila kusita, na mpinzani aliyeshindwa alimpongeza bila kumtazama usoni.

Wiki hiyo hiyo Shirikisho likatangaza kwamba fainali itachezwa kwa mikono, kama zamani, kwa kuwa watazamaji walisema ukumbi ule unatisha. Hakuna aliyeomba radhi.

Mama yake alizipokea habari hizo kwa vigelegele. Akautoa ubao wa mbao wa mumewe, akaupangusa kwa upindo wa khanga, akapanga kete mezani sebuleni.

"Haya, mwanangu," alisema. "Yule mzee ameruhusiwa tena. Hebu muulize mnaanzia wapi."

Kissa akakaa, akasubiri. Akakiita kile kikohozi. Akajaribu kuikumbuka miwani, na kitambaa kilichoifuta. Kichwani mwake mlikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Alitaka kulia kwa uchungu, lakini hata machozi hayakuja.

"Anasemaje?" mama aliuliza, akitabasamu.

Kissa hakuwa amevaa kofia yoyote. Aliuona mkono wake ukinyanyuka, ukamshika farasi, ukamweka penye mraba uliokuwa bora kuliko yote, kabla yeye hajawaza lolote. Mama bado alikuwa anangoja jibu.

"Anasema nimecheza vizuri," Kissa alisema.

Tabasamu likamtoka mama yake taratibu. Mzee Andulile hakuwahi kumwambia Kissa hivyo hata siku moja.