Kambare wa Wifi

Kila jioni mume wa fundi cherehani alivua viatu, akanywa chai, kisha akavuka ujia kwenda kwa dada yake. Hakwenda kumjulia hali dada mtu. Alikwenda kutazama samaki.

Fundi alibaki na cherehani yake, akiwasikia wakicheka upande wa pili. Roho ilimuuma. Kwani sebuleni kwake hakukuwa na samaki? Tangi lake la vioo lilikuwa kubwa kuliko la wifi yake. Ndani mlikuwa na kambare sita wa mapambo, wadogo kama kidole gumba, wenye ndevu na madoadoa meusi. Yeye na wifi waliwanunua siku moja, duka moja, kutoka beseni moja. Sasa wa wifi walikuwa wamezaa mara mbili. Wake walikula na kulala tu.

"Leo vifaranga wake wameanza kula wenyewe," mume alisema aliporudi. "Ungekuja uone."

"Nina nguo ya mteja," fundi alijibu, akakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Basi wivu ukampa bidii ya kutisha. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alifuta vioo vya tangi ndani na nje kwa sifongo. Kila wiki alitoa robo ya maji, akatia mengine kutoka ndoo iliyolala wazi barazani. Tangi liling'aa. La wifi lilikuwa na ukijani nyuma, na fundi alijiliwaza kwa ukijani huo. Hata hivyo samaki hawakuzaa. Akaanza kusema kwamba wifi alichagua majike dukani, akamwachia madume. Mume alicheka, na kicheko kile kikamuudhi kuliko yote.

Siku moja mume akasema, bila ubaya wowote, "Tumpe dada hawa samaki. Kwake watazaa."

Fundi hakulala vizuri. Kuwaona kambare wake wakizaa kwa wifi! Afadhali wangekufa, aliwaza, kisha akajuta kuwaza hivyo. Alimwomba mume wangoje hadi mwisho wa mwezi.

Siku mbili baada ya fundi kubadilisha maji, wifi alibisha hodi mapema. Yeye alikuwa muuguzi, na sare yake ilikuwa imefumuka pindo. Alimkuta fundi ameinamia tangi, mkono ndani ya maji.

"Wifi, ngoja. Unafuta nini?"

"Uchafu. Kila nikibadilisha maji unatokea. Unaganda kama gundi, lakini nami naukwangua kwa kucha."

Wifi alivaa miwani, akasogeza uso kwenye kioo. Palibaki vidonge vidogo vinavyopitisha mwanga.

"Haya ni mayai, wifi yangu."

Fundi aliketi chini sakafuni. Alihesabu: ilikuwa mara ya nne kuukwangua "uchafu" ule. Madume na majike wote walikuwapo. Aliyewamaliza watoto alikuwa yeye na sifongo lake.

"Nilisugua ili langu lishinde lako," alisema, na machozi yakamtoka.

Wifi hakumcheka. Alimweleza polepole. Maji yenye ubaridi kidogo huwa kwa kambare hawa kama mvua, ndiyo maana hutaga baada ya maji kubadilishwa. Hapo fundi alikuwa amepatia bila kujua. Jike hubandika mayai kwenye kioo au kwenye majani. Wasipotengwa, wazazi wenyewe huyala. Kwa hiyo mayai hubanduliwa kwa kidole, taratibu, na kuwekwa katika beseni la maji ya tangi lilelile, pampu ya hewa ikitoa mapovu. Yai likigeuka jeupe kama maziwa limekufa. Litolewe, ukungu usije ukaenea kwa mengine. Kwa kawaida, baada ya siku nne au tano vifaranga hutoka. Siku mbili za mwanzo hawalishwi, kwa sababu wana akiba tumboni. Kisha hupewa chakula kilichosagwa kama unga, kidogo kidogo, mara nyingi.

Fundi hakupenda beseni. Alikata kipande cha pazia jepesi, akakishona mfuko kwenye fremu ya waya, akauning'iniza ndani ya tangi. Maji yangepita, wazazi wasingepita. Mayai yaliyosalia yalikuwa thelathini na mawili. Tisa yalikuwa meupe, akayatoa moja moja. Siku ya tano mfuko ulijaa mikia inayocheza.

Jioni ile mume hakuvuka ujia. Wala kesho yake.

Siku ya tatu tangu vifaranga kutoka, wifi alikuja mwenyewe. Alitazama mfuko kwa muda mrefu. Mayai ya kwake, alisema, safari hii yaliota ukungu karibu yote. Beseni lilipoa mno usiku.

"Na kaka siku hizi hata salamu haniletei," aliongeza, akijaribu kucheka.

Fundi aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe. Raha ikamjaa kifuani, tamu kweli, na mara akaionea haya.

"Wifi, mimi nimekuonea wivu miezi yote hii," alisema. "Unauma. Usikae nao. Nitajie kipimo cha tangi lako, nikushonee mfuko leo hii hii."

Wifi hakukana. Alifuta miwani yake, akataja kipimo.