Hakimu wa Otonglo na Gemu ya Omena

Debra Adongo alipotoka shuleni hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi saluni ya mama yake, kibanda cha mabati ya buluu kando ya barabara ya Busia, pale soko la Otonglo. Kila siku ilikuwa hivyo. Alivua sweta, akafagia nywele zilizotapakaa sakafuni, akajaza ndoo mbili za maji ya kuoshea wateja vichwa, kisha akaketi pembeni kufanya kazi ya ziada aliyopewa na walimu. Mama yake akishaikagua, alimpa simu kwa saa moja. Debra alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na hiyo saa moja ndiyo aliyoiwaza tangu asubuhi.

Aliitumia katika kundi moja la mtandaoni lililoitwa Wachezaji wa Ziwani. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya elfu mbili, wengi wao vijana wa Kisumu na wa miji ya ufuoni, na kazi yao kubwa ilikuwa kubishana kuhusu gemu. Wapenzi wa kandanda walidai kuwa gemu nyingine zote ni za watoto wachanga. Wapenzi wa mapigano walijibu kuwa kandanda ya kwenye simu ni ya watu waliokosa namba katika timu ya shule. Wale wa gemu za kilimo, waliopanda mahindi kwenye skrini na kufuga ng'ombe wasiokunywa maji, walitukanwa na pande zote mbili, nao wakaendelea kupalilia.

Humo Debra alijiita Hakimu wa Otonglo. Mbali na mama yake na rafiki mmoja, hakuna aliyejua kwamba Hakimu huyo ni msichana wa gredi ya saba. Walichojua ni kwamba akihakiki gemu, watu hucheka hadi machozi. Kuhusu gemu moja ya kandanda aliandika kuwa kipa wake hudaka mpira kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiyemjua. Kuhusu mbio fulani za magari alisema gari lilikuwa gumu kukata kona kama shemeji aliyeombwa aoshe vyombo. Gemu ya kilimo aliiita kazi ya shamba isiyo na ugali mwishoni. Mama yake aliwasomea wateja maneno hayo huku akiwasuka, na saluni nzima ikacheka. Siku moja alimuuliza Debra kama huwa anazicheza gemu zenyewe kabla ya kuandika. Debra alisema ndiyo, na wakati huo lilikuwa jibu la kweli. Alizicheza kwenye simu ya mama, au kwenye simu ya rafiki yake Winny.

Mwezi wa sita, mtu aliyejiita Fundi wa Dunga alileta kwenye kundi gemu aliyoitengeneza mwenyewe. Iliitwa Anika Omena. Mchezaji alikuwa mwanamke wa ufuoni, anayetandaza omena, yaani dagaa wa ziwani, juani juu ya nyavu kuukuu, anafukuza ndege, anawageuza omena ili wakauke pande zote, na mawingu yakitanda juu ya ziwa anawakusanya kabla mvua haijawaharibu. Fundi aliomba watu waicheze na wamwambie ukweli.

Kundi zima likaanza kubishana kama gemu hiyo ni ya kilimo, ya mbio au ya mafumbo. Walibishana siku tatu bila kuafikiana, kisha mmoja akaandika kwamba Hakimu aitwe. Wengine wakaunga mkono. Debra alipochukua simu Ijumaa jioni alikuta watu zaidi ya arobaini wanamngoja.

Alijaribu kuipakua gemu, ikakataa. Simu ilikuwa imejaa picha za mitindo ya nywele ambazo mama yake huwaonyesha wateja. Winny alikuwa amekwenda kwa nyanya yake hadi Jumatatu. Debra angeweza kungoja Jumatatu, lakini kila alipotazama skrini jina lake lilikuwa limetajwa tena, na saa yake moja ilikuwa inakwisha. Akazitazama zile picha tatu ambazo Fundi alikuwa ameziweka kuonyesha gemu ilivyo, akaandika.

"Nimecheza Anika Omena kwa saa mbili. Saa ya kwanza omena walikauka. Saa ya pili nilikauka mimi. Gemu hii ina hatua tatu: anika, ngoja, sinzia. Na mvua ikianza kunyesha simu inazima yenyewe, nadhani kwa aibu. Yangu imezima mara tatu."

Mara hii hakumwonyesha mama yake. Hakuna uhakiki wake uliowahi kuchekesha kama huo. Watu waliunakili wakautuma katika makundi mengine. Kufikia Jumapili, hata watu ambao hawakuwa wameiona gemu walikuwa wakiambiana kwamba inazima simu, na baadhi ya waliokuwa nayo waliifuta. Jumatatu Fundi wa Dunga aliandika kwa adabu kwamba angependa kujua Hakimu anatumia simu ya aina gani, ili aitafute kasoro hiyo na kuirekebisha. Debra alilisoma swali hilo mara mbili. Kisha akajibu kwamba ni simu isiyopenda mvua. Watu wakacheka upya, na Fundi hakuuliza tena.

Siku zikapita. Alasiri moja ya Jumatano, mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, aliingia saluni mteja aliyeitwa Metrine. Alikuwa dada wa miaka ishirini na mitano hivi, mpole, asiye na maneno mengi. Aliishi Dunga, ufuoni mwa ziwa, lakini alikuwa akija kusukwa Otonglo kwa sababu aliupenda mkono wa Mama Debra. Siku hiyo alitaka kufumuliwa nywele tu, asisukwe tena. Mama Debra alikuwa bado anamsuka mteja mwingine, kwa hiyo akamwita Debra aanze kufumua upande wa nyuma.

Mama Debra alimuuliza Metrine kwa nini leo hataki kusukwa. Akaeleza kuwa Jumamosi anahamia Muhoroni, mji wa kiwanda cha sukari. Shangazi yake alikuwa amemtafutia kazi ya kuandika namba za malori kwenye mizani ya miwa, na kule hakukuwa na haja ya mitindo.

"Na ile kazi yako ya kompyuta?" Mama Debra aliuliza. "Si ulisema unatengeneza kitu?"

Metrine akasimulia, macho yake yakiwa kwenye kioo. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza gemu ya simu kuhusu wanawake wanaoanika omena, kama mama yake alivyofanya hadi alipofariki. Kulikuwa na shirika moja mjini lililotafuta vijana wanne wa kufundishwa utengenezaji wa gemu kwa mwaka mzima. Shirika lilitaka kwanza kuona jinsi watu wanavyoipokea kazi ya kila mmoja. Gemu yake ilipokewa kwa kicheko. Mtu mmoja aliandika kwamba inazima simu, na wale wa shirika walipoyasoma maneno hayo wakachagua wengine.

"Hiyo kasoro niliitafuta wiki tatu, Mama Debra," alisema. "Niliazima simu kumi na moja. Za majirani, za wauza samaki, hata ya padri. Hakuna hata moja iliyozima. Mwishowe nikajiambia, kama kuna kitu kimeharibika ndani ya kazi yangu mwenyewe na siwezi hata kukiona, basi mimi si fundi. Nikauza kompyuta."

Vidole vya Debra viliganda. Metrine alidhani amekutana na fundo gumu, akamwambia taratibu asihangaike nalo, alikate tu. Debra alichukua mkasi akakata. Aliendelea kufumua hadi Metrine alipofunga kitambaa kichwani na kuondoka.

Kesho yake alikwenda kwa akina Winny, akamwomba simu, akaipakua Anika Omena. Aliicheza kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri, na ilimfanya asahau muda. Mawingu yalipokuja alishindwa kukusanya omena wote. Hapo wanawake wengine wa ufuoni wakatokea mbio, mmoja mmoja, wakiwa na beseni, wakamsaidia. Mvua ikanyesha. Matone yalisikika juu ya mabati na juu ya maji, na simu haikuzima. Aliirudia hatua hiyo mara tano, kama mtu anayetafuta kitu cha kujitetea, na mara zote tano simu haikuzima.

Winny, aliyekuwa akichungulia begani kwake, alisema gemu ni nzuri, sasa mbona alikuwa ameiponda vile. Debra akamweleza yote. Winny akaichukua simu yake.

"Mimi nilikuamini," alisema. "Niliwatumia binamu zangu wote maneno yako."

Ijumaa, mama yake alipokuwa akifunga saluni, Debra alimwambia. Alitarajia kugombezwa. Mama yake alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kufuli mkononi, kisha akasema kwamba kesho hawatafungua. Watakwenda Dunga mapema, kabla Metrine hajaondoka.

Walimkuta chumbani kwake, ameshafunga mifuko miwili na kulikunja godoro. Alishangaa kuwaona. Akawapa stuli, yeye akakaa juu ya godoro. Mama Debra hakumsemea mwanawe. Alimgusa tu mgongoni.

"Dada Metrine," Debra alisema, "Hakimu wa Otonglo ni mimi."

Metrine alimtazama bila kuelewa. Debra akaendelea haraka, akiogopa kwamba akinyamaza hataweza kuanza tena. Alisema simu ya mama ilikuwa imejaa, kwamba aliziona picha tatu tu, kwamba yale ya mvua aliyatunga kwa sababu yalichekesha.

"Kwa hiyo mvua haizimi simu," Metrine alisema.

"Haizimi. Nimeicheza juzi. Haina kasoro."

Metrine alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nje wanawake walikuwa wakinadi samaki. Alipoondoa mikono, hakuonekana kuwa na hasira, na jambo hilo lilimuumiza Debra zaidi.

"Siku ile nilipokuuliza ni simu gani," alisema, "ungeniambia tu. Nafasi ilikuwa haijapita."

Debra alilia, akaomba msamaha, akaahidi kuandika ukweli siku hiyo hiyo. Metrine alimwambia amemsamehe, na kwamba aandike, lakini asiandike akidhani itamrudisha. Wale vijana wanne walikuwa wameshaanza masomo. Kompyuta ilikuwa na mtu mwingine. Shangazi alikuwa akimngoja. Walimsindikiza na mifuko yake hadi stendi.

Alasiri hiyo Debra aliandika kwenye kundi kwamba hakuwa ameicheza Anika Omena, kwamba haizimi simu, kwamba alidanganya. Wengine walidhani ni kichekesho kipya, wakacheka. Wengine walimtukana. Watu thelathini hivi waliipakua gemu, na watatu walisifu sauti ya mvua. Kesho yake mabishano yalikuwa yamehamia kwenye gemu mpya ya mapigano, na ujumbe wake ulikuwa umezama chini ya mengine mia mbili. Yale makundi ambako uongo wake ulikuwa umenakiliwa, hakujua hata majina yake.

Jumatatu mama yake alimpeleka kwenye ofisi ya lile shirika mjini. Karani aliwasikiliza kwa heshima. Alisema Metrine anaweza kuomba tena mwaka ujao, kama atakuwa na kompyuta na gemu mpya ya kuonyesha. Mama Debra alimpigia Metrine simu akamweleza. Metrine alishukuru, akasema atafikiria, kisha akasema malori yamepanga foleni, lazima akate.

Wiki mbili baadaye mtu mmoja kwenye kundi alimwita tena Hakimu, akitaka uamuzi wake kuhusu ile gemu ya mapigano. Debra aliandika, "Sijaicheza. Sina la kusema." Hakuna aliyecheka. Mmoja alijibu kwamba siku hizi Hakimu amechacha, hachekeshi tena. Debra aliirudisha simu kabla saa yake haijaisha, na mama yake, ambaye sasa husoma kila anachoandika, akausoma ujumbe huo. Hakukuwa na mteja. Akamwita akae kwenye kiti cha wateja, naye akasimama nyuma yake.

"Nyara," alisema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, jina ambalo humwita anapotaka asikilize, "sitakudanganya kwamba mambo yametengenea. Ulipowachekesha walikusikia maelfu. Ulipowaambia ukweli wakakusikia watu thelathini. Ndivyo watu walivyo, hutawabadilisha. Kwa hiyo ukweli utafute kabla hujafungua mdomo, maana ukishafungua, hutaweza kumfikia kila aliyekusikia. Ulifanya vizuri kukiri. Ilikuwa lazima ukiri, na ukikosea tena utakiri tena. Lakini usije ukafikiri kuwa kukiri ni sawa na kutotenda. Wewe umekiri, na Metrine yuko Muhoroni."

Debra alitikisa kichwa kukubali. Mama yake alimwekea mkono begani kwa muda, kisha akamwambia asimame, kuna mteja anavuka barabara.