Jina Lililofutwa Bahi

Wanaosema majini ni ya pwani hawajafika Bahi mwaka wa mvua nyingi, maji yakatuama mbugani mpaka ng'ombe wakashindwa kuvuka. Huko yapo, na yana adabu zake. Ukiyakosea adabu, hayakuulizi kama ulijua au hukujua. Loisi hakujua, maskini.

Kisa chenyewe kilianza na kidole. Wiki ya pili tangu kampuni mbili za Mzee Hashimu ziwe moja, mashine ya mahudhurio pale getini Msalato ilimkataa Octavian, mtunza stoo. Akabonyeza mara ya kwanza, ya pili, akakifuta kidole kwenye suruali, akabonyeza tena. Wapi. Loisi, afisa utumishi, akakishika kile kidole akakitazama. Hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa laini kama sahani iliyooshwa.

"Ni magunia haya," Octavian akasema, akicheka kidogo. "Yamenila vidole."

Loisi naye akacheka. Ila alipomwachia, mkono wake ulibaki unanuka tope na kambale. Msalato ya Septemba ni vumbi tupu, maji yenyewe ya kununua kwa dumu. Tope lilitoka wapi?

Ngoja niueleze huo muungano, maana balaa lilitokea humo. Mzee Hashimu, Mrangi wa Kondoa, alikuwa na kampuni ya kukoboa mpunga kule Bahi na nyingine ya kukamua alizeti Msalato. Mwenye mali mmoja, vibali viwili, mameneja wawili wasiopikika chungu kimoja. Akachoka. Akaandikisha karatasi kwamba kampuni ya Bahi inakufa, na mashine zake, watu wake na kila kilicho chake vinahamia Msalato. Loisi akapewa kazi ya kuunganisha orodha za wafanyakazi. Nafasi zilikuwa sitini, basi. Orodha ya Bahi ilikuwa na majina ishirini na matatu, na la mwisho halikuwa na picha wala namba ya simu. Liliandikwa "Mwenyeji" tu, na kwa miaka kumi na tisa, kila siku ya kazi, lilitiwa alama kwamba yupo.

"Mfanyakazi hewa," Loisi alijisemea, akalikata kwa kalamu nyekundu. Tena alijisifu kwa kumnasa.

Siku tatu baada ya kidole kile, mke wa Octavian alimpokea mumewe mlangoni akamuuliza, "Karibu kaka, unamtafuta nani?" Siku ya nne Octavian hakuonekana kazini, na hakuna aliyemuulizia. Loisi alipomtaja, watu walimtazama kwa huruma, wakamwambia apumzike. Yeye peke yake alimkumbuka, labda kwa kuwa orodha ilikuwa mkononi mwake. Akaanza kulishuku lile jina alilolikata, maana tope na kambale ni vya Bahi. Na kule stoo, kulikofungwa kwa kufuli, sauti ya Octavian ilisikika ikihesabu gunia baada ya gunia.

Kisha ikawa zamu ya nyumba ya Loisi. Mumewe Meshack ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ya kukobolea iliyoletwa kutoka Bahi. Alhamisi asubuhi wakinywa chai, aliuweka mkono wake mezani taratibu.

"Mama Evodia, hebu niangalizie hiki kidole."

Loisi hakuhitaji kuangalia. Harufu ya kambale ilikuwa imeshafika. Evodia, mtoto wao wa miaka minne, akajificha nyuma ya gauni la mama yake. "Mama, huyu ni nani?" Meshack akainama, machozi yakamlengalenga, akasema labda mtoto ana usingizi.

Mchana ule, watu wakiwa nje wanakula, Loisi aliisikia mashine ya mpunga ikinguruma, akaingia kuizima, akakuta swichi imezimwa na bado inanguruma, na sakafuni nyayo za maji zimetoka kwenye mtaro mkavu zikapita katikati ya magunia mpaka kwenye kigoda cha Meshack, na pale juu ya kigoda kitupu alisikika mtu anapiga kwa mbinja ule wimbo wa kwaya ambao Meshack huupenda, kwa pumzi ya Meshack, kwa kukosea palepale Meshack anapokoseaga, wakati Meshack mwenyewe Loisi alimwona kwa macho yake kupitia dirisha, amekaa peke yake na ugali wake, midomo imefumbwa.

Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Hashimu. "Shikamoo, mzee. Lile jina la Bahi ni la nani?"

Mzee akainuka akafunga mlango. Aliporudi sauti yake ilikuwa chini. "Baba yangu alipojenga pale alimkuta mwenyewe yupo. Wakapatana. Kila asubuhi aitwe jina kama wenzake, apewe bakuli la kwanza la mchele. Nilidhani kampuni ikifa na mapatano yanakufa."

"Ukanipa kalamu bila kuniambia."

"Ningekuambia, ungeishika?"

"Nakuomba, mzee. Mume wangu anaisha."

"Lirudishe jina, mama. Mimi sikukatazi."

"Nimelirudisha tangu jana. Mashine inalikataa. Mchele nao nimeweka nyuma ya kiwanda, kama watu wa Bahi walivyosema ulikuwa unawekwa, hata sisimizi hawausogelei."

Mzee akamfungulia mlango atoke. Nami siwezi kumsamehe kwa mlango ule.

Loisi akapanda basi la Bahi. Mzee Bartolomayo, aliyekuwa nyapara na mwita majina miaka yote ile, Loisi alimkuta amekaa ukingoni mwa sakafu ya saruji, ndiyo pekee iliyobaki ya kiwanda.

"Mmemhamisha," akasema baada ya kumsikiliza. "Karatasi yenu ilisema kila cha Bahi kiende Msalato. Akaenda. Kufika, hana nafasi. Sasa anajaribu nafasi za watu, na ya kunyang'anya haimkai, kama kiatu cha kuiba. Akimaliza ya mumeo atajaribu nyingine."

"Nimfanyeje, baba?"

"Yule hafukuziki, mwanangu. Ni mwenyeji. Apewe nafasi na mwenye nafasi, kwa hiari, hapa hapa alipokuwa anaitwa."

"Nitampa yangu."

Mzee akatazama nyufa za saruji. "Sijui atachukua mpaka wapi."

"Achukue kazi. Kazi nitapata nyingine. Meshack nitampata wapi?"

Alfajiri, Loisi alisimama juu ya saruji ile na bakuli la mchele, akaanza kuita. Majina ishirini na mawili yalijibiwa na upepo. Alipoita "Mwenyeji", upepo ukakatika. Akasema nafasi yake anaitoa mwenyewe, hakulazimishwa na mtu, akalitaja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Maji yakapanda kutoka kwenye nyufa za saruji mpaka vifundoni, ya moto. Alipotazama bakuli, lilikuwa tupu. Mzee Bartolomayo alikuwa amegeuza uso.

Saa tatu asubuhi alishuka Msalato akikimbia. Octavian alikuwa getini anashusha magunia, anatukanana na dereva. Na Meshack, Meshack wake, aliweka kidole kwenye mashine, na mashine ikampokea. Loisi alilia pale pale barabarani kwa furaha, akasema asante Mungu wangu, asante.

"Baba Evodia!"

Meshack akageuka. Akamtazama kwa upole, vile anavyowatazama watu wote.

"Habari yako, dada. Una shida na nani?"

Loisi akainua mikono yake. Akaitazama. Vidole vyote kumi vilikuwa laini.

"Nadhani anatafuta kazi," Octavian akasema.

Meshack akasogea kwenye dirisha la ofisi ya utumishi, akagonga taratibu, kwa namna anayogonga akimletea mkewe chai. "Mama Evodia, kuna dada hapa getini. Naona ana shida."

Pazia halikusogea. Chini ya mlango maji yalikuwa yakitiririka, na hakuna aliyeyatazama. Kisha sauti ikajibu kutoka ndani, na ilikuwa sauti ya Loisi.

"Mwambie nafasi zimejaa."